Mdogo wangu, ile pumzi uliikatia nini?

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi na niandike hapa. Najua utasoma. Kitu chenye jina langu hujawahi kukipita bila kukichungulia.

Ni ule wimbo niliomwimbia Mama, wewe ukautengeneza studio. Watu wanausifia, wanasema biti ni kali, na ni kali kweli. Mkono wako naujua tangu unapiga ngoma kwenye ndoo, na kwa besi sina ninayemwamini kukuzidi. Ulipopunguza kinanda kwenye masafa yanayofanya maneno yangu yasikike wazi, kati ya hezi 2,000 na 4,000 (mitetemo kwa sekunde), maneno yakajitokeza mbele bila kunipandisha hata kidogo. Nikasema hapa kuna fundi.

Lakini ile pumzi.

Ubeti wa pili, kabla ya neno "umeondoka". Sauti ilinikatika, nikavuta pumzi, nikaingia nimechelewa nusu pigo. Wewe uko upande wa pili wa kioo, umeinamisha kichwa. Nikadhani na wewe unalia. Kumbe unaweka alama kwenye skrini. Kesho yake naletewa wimbo: pumzi haipo, neno limevutwa likakalishwa juu ya ngoma, na noti iliyoteleza imenyooshwa kwa Auto-Tune, ile programu ya kurekebisha noti za mwimbaji, mpaka nasikika kama mtu anayesoma tangazo. Mama yako huyo, unamtangaza!

Tena ukagusa na melodi, noti ya juu ikaangukia "-ka". Nani anasema umeondoKA? Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, u-me-o-NDO-ka. Melodi ikiupinga, hata asiyejua muziki anahisi neno limevaa kiatu cha mwenzake.

Nakushauri kama kaka yako. Anza na sauti na gitaa moja tu. Wimbo ukisimama hapo, kila chombo unachoongeza kiulize kimefuata nini. Mimi ndivyo nilivyofanya siku zote. Na ile mistari kumi na miwili niliyoijaza kwenye ubeti mmoja ilikuwa na sababu yake, nilikuwa na mengi ya kumwambia. Ulisema imebanana, mizani inazidi, sina pa kuhema. Haya, ulisema. Pengine pumzi yenyewe niliivuta pale kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa, si kwa uchungu kama ninavyowaeleza watu. Hata hivyo ilikuwa pumzi yangu, ungeniuliza kwanza.

Kukuita mtu wa mashine mbele ya wapiga gitaa sikukusudia. Ulinianza wewe, uliposema naandika barua siandiki wimbo.

Ile rekodi ya kwanza ya kwenye simu, kabla ya studio, bado ninayo. Kiti kinalia, kiitikio nimekosea mara mbili. Nakutumia leo. Mistari punguza, hata ikibaki sita. Sauti usiiguse mpaka tuonane.