Kombe la mtoano lihesabiwe sawasawa kabla ya droo

Mhariri,

Kila msimu wa kombe la taifa lawama huwaangukia waamuzi. Lakini vurugu nyingi za mashindano ya mtoano huanzia mezani, siku timu zinapohesabiwa.

Chukua timu 75. Mpangaji mvivu huzigawa mbili mbili: mechi 37, timu moja inapita bila kucheza, zinabaki 38. Raundi ya pili zinabaki 19. Ya tatu moja inapita tena, zinabaki 10, halafu 5, halafu 3. Nusu fainali ya timu tatu! Moja inaingia fainali huku wachezaji wake wamekaa jukwaani.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Katika mfululizo wa 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, tafuta namba kubwa isiyozidi idadi ya timu. Hapa ni 64. Zimezidi 11, basi zichezwe mechi 11 za awali kati ya timu 22, na zile 53 zisubiri. Washindi 11 wakijiunga nazo zinatimia 64, na kuanzia hapo hadi fainali hakuna anayepita bure. Wanaohofia gharama wafanye hesabu: kwa njia zote mbili mechi ni 74, maana kila mechi inatoa timu moja na lazima zitolewe 74. Zitakazosubiri zitajwe kwenye kanuni, kwa kawaida zile za ligi ya juu, wala lisiwe jambo la kuamuliwa siku ya droo.

Timu ikijitoa baada ya droo, mpinzani wake apite na droo isirudiwe. Kombe la FA la Uingereza lilionja hayo tangu msimu wa kwanza, 1871/72, lenye timu 15 tu. Queen's Park ya Scotland ilifika nusu fainali bila kucheza hata mechi moja, ikatoka sare na Wanderers jijini London, kisha ikakosa nauli ya kurudi kwa marudiano. Wanderers wakaingia fainali na kubeba kombe.

Uwanja wa nyumbani nao una hesabu yake. Ujerumani, raundi ya kwanza ya kombe la taifa ina timu 64 katika vyungu viwili vya droo, kimoja cha timu za kulipwa na kingine cha ridhaa, na timu ya ridhaa inapopangwa na ya kulipwa, ya ridhaa ndiyo mwenyeji. Naunga mkono, kwa sharti moja: viwanja vikaguliwe kabla ya droo. Kiwanja kikikataliwa baadaye, mechi huhamishiwa kwa mkubwa, na upendeleo uliokusudiwa kwa mdogo unageuka kuwa adhabu. Kila timu ndogo isajili uwanja wa akiba usio wa mpinzani.

Kuhusu sare, marudiano yana ladha yake, ila ratiba haiyabebi tena. Mwaka 1971 Alvechurch na Oxford City zilihitaji mechi sita kupata mshindi. Uingereza imeyafuta kuanzia raundi ya kwanza rasmi tangu msimu wa 2024/25. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: sare ni penalti moja kwa moja, isipokuwa fainali. Kwa raundi za mwanzo hilo linafaa, hasa pasipo na taa. Kanuni zikidai dakika 30 za ziada, jumlisha 90, mapumziko 15, majeruhi kama 10, pumziko fupi 5, hizo 30, na penalti kama 15: ni dakika 165. Mpira uanze saa tatu kabla ya jua kuzama, la sivyo penalti zitapigwa gizani na rufaa itafuata asubuhi.

Rufaa nyingine huzuka mechi ikifika penalti, timu moja ikiwa imemaliza na wachezaji 10 na nyingine 11. Sheria ya 10 ya soka inataka idadi zilingane: yenye 11 impunguze mmoja, na mwamuzi ajulishwe jina na namba yake. Kamishna wa mechi aandike namba ya jezi ya aliyepunguzwa kwenye ripoti, maana orodha ikizunguka hadi mpigaji wa kumi ndipo ubishi huanza.

Mdau wa soka