Chakula cha shule Japani kimenifungua macho

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee nilichokiona Japani nilipoenda kumtembelea binti yangu anaesoma huko, maana huku kwetu habari za kula vizuri tunazianzia hospitali, sukari imeshapanda, presha imeshapanda, ndo daktari anakwambia punguza chumvi, acha soda. Wenzetu wanaanza na mtoto wa darasa la kwanza.

Tulipata ruhusa ya kuingia shule moja ya msingi muda wa chakula cha mchana. Aisee, watoto wenyewe wanavaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, wanaenda kubeba masufuria na kuwapakulia wenzao darasani, siku ile ilikuwa wali, samaki wa kuoka, supu ya soya yenye mboga na vipande vya boga, na kila mmoja pakti ya maziwa ya mililita 200. Mwalimu anakula hichohicho, na mkuu wa shule anakuwa ameshaonja kabla watoto hawajagusa. Hamna soda, hamna anaetumwa dukani. Wakimaliza wanapanga vyombo, wanafagia.

Halafu kuna karatasi inaenda nyumbani kila mwezi, ina chakula cha kila siku na vitu vilivyotumika kukipika vimegawanywa kwa rangi, nyekundu vya kujenga mwili, njano vya kutia nguvu, kijani vya kuulinda mwili. Mama mmoja alikuwa ameibandika kwenye friji, akaniambia anaangalia mtoto kala nini mchana ndo anajua jioni apike nini. Hiyo karatasi ndo imenikaa kichwani kuliko treni zao zote.

Najua kuna watakaosema wale ni matajiri. Sawa, ila hawakuanza wakiwa matajiri. Mwaka 1889 kule Tsuruoka shule moja kwenye hekalu ilianza kuwapa watoto maskini wali wa kufinyanga na samaki wa chumvi, na baada ya vita kuu ya pili watoto walikuwa wanakunywa maziwa ya unga ya msaada. Sheria ya chakula cha shule ikaja 1954, halmashauri ikawa inabeba jiko na mishahara ya wapishi, mzazi akawa anachangia gharama ya vyakula vyenyewe. Mwaka 2005 wakatunga sheria nyingine ya kufundisha watu kuhusu chakula, na walimu wa lishe wakaanza kuwekwa mashuleni.

Sio kwamba kila kitu chao kizuri, chumvi wanakula nyingi sana, ile supu, achari na tambi zao, mtu mzima anafika karibu gramu 10 kwa siku wakati Shirika la Afya Duniani linataka chini ya 5. Hilo tusiige.

Sasa njoo kwenye geti la shule zetu saa nne asubuhi. Barafu za rangi, soda, mihogo ya kukaanga kwenye mafuta yaliyoshakuwa meusi, na mtoto ana mia tano mkononi anachagua mwenyewe. Wakati dagaa tunao, matembele yanaota hata uani, maharage, dona, mapapai, yaani vyakula vya rangi zote tatu viko sokoni Morogoro na wala sio vya bei ya kutisha. Inaniuma kwa kweli.

Ninachoomba, kamati za shule zikikaa kujadili michango ya chakula zisiishie kwenye madebe ya mahindi na maharage tu, zijadili na mboga na tunda vitatoka wapi, shule yenye eneo ipande, na ratiba ya mwezi iandikwe ipelekwe kwa wazazi, karatasi moja tu. Mimi kwenye kikao kijacho cha shule ya mtaani kwetu nitalipeleka hili. Kama kuna shule hapa nchini tayari inafanya hivyo naomba mwalimu au mzazi wake aandike hapahapa atuambie wameanzaje na mzazi anachangia shilingi ngapi.

Msomaji wenu, Morogoro