Kwa wewe wa kitanda cha chini

Uyole, Mbeya
29 Juni

Shoga yangu,

Nimeanza na neno hilo makusudi, halafu nikalitazama kwenye karatasi kwa muda. Tangu kidato cha kwanza tunaitana shoga, bweni zima likisikia, na hakuna aliyegeuka. Neno lilelile likisemwa stendi kwa sauti nyingine, mtu anakimbia. Utaona kwa nini nimelianzia.

Barua nimeitia kwenye nailoni nikaizamisha katikati ya mchele. Mchele ni wa Kyela kweli, haujachanganywa. Mama mkwe wako akisema vingine, mpikie aonje. Simu siiamini kwa mambo haya. Ikiangukia mkononi mwa mtu inasomeka yote tangu mwaka juzi, karatasi angalau inachomeka. Konda nimemwambia mwenye ndoo ni nesi wa Songea. Akasema mzigo wa nesi hauibiwi, kesho unaweza kumkuta kashika sindano.

Sweta lililo juu ni la mtoto. Ile nakshi ya kuzunguka mabega ndiyo chanzo cha habari yote, kwa hiyo nianzie hapo.

Miezi hii unajua ndiyo ya kwangu. Baridi ya Uyole haina aibu, na shule zikikaribia kufunguliwa wazazi wote wanakumbuka masweta siku moja. Ila masweta ya shule ni rangi moja na mstari kifuani, ukifuma mia mbili unaanza kuota mstari. Mwaka juzi nilikuwa natafuta nakshi nyingine nikakuta masweta ya Iceland, wanayaita lopapeysa. Nikataka kujua wanapunguzaje mishono ili lile duara lisikunjamane shingoni. Aliyenijibu ni mama mmoja wa kulekule, mtu mzima, anafuga kondoo na kusokota mwenyewe. Tukaandikiana miezi mingi habari za uzi tu. Siku moja akanieleza kuwa sufu fulani ameisokota huku akimwimbia Frigg. Nikadhani Frigg ni mjukuu wake.

Kumbe Frigg ni mke wa Odin. Ni wale miungu wa kale wa Skandinavia, wa kabla ya Ukristo. Huyu mama yumo kwenye kikundi cha watu wanaowafuata hadi leo, wametawanyika nchi mbalimbali na wanakutana kwa video mara moja kwa mwezi. Wenyewe wanajiita wapagani, na wanalitamka hilo neno kama mtu anavyotaja kabila lake. Mimi niliyekulia Moravian, neno hilo nilikuwa nalisikia tu mchungaji akiwasema bibi zetu.

Usiogope, kwaya bado naimba. Sauti ya pili, Jumapili zote. Sijui kama naabudu chochote kule. Nilienda kusikiliza hadithi, nikakaa.

Na hadithi zenyewe, shoga! Thor, yule wa nyundo, mbabe kuliko wote, aliibiwa nyundo yake. Jitu lililoiiba likasema halirudishi mpaka lipewe Freyja, mungu wa kike, awe mke. Freyja akakataa. Basi wakamvalisha Thor gauni la bibi harusi, mkufu, shela na funguo kiunoni, na Loki, mwenzao mjanja, akajivika ujakazi akamsindikiza. Thor akala ng'ombe mzima karamuni, jitu likaanza kushangaa bibi harusi gani huyu. Na huyo Loki ndiye aliyewahi kujigeuza farasi jike, akapata mimba, akazaa mtoto mwenye miguu minane. Wewe umezalisha wengi lakini huyo hujamzalisha. Odin, baba wa wote, alifundishwa na Freyja uganga uliohesabiwa kuwa ni wa wanawake, mwanaume akiufanya ni aibu. Akaufanya.

Sasa wapo wenzangu mle, mashoga na wasagaji, wanaume waliozaliwa wanawake na kinyume chake (nayaandika maneno yetu haya mabaya kwa sababu mazuri hatujapewa), wanaopenda kusema wazee wa kale walitukubali. Hapo mimi siko nao. Nimesoma. Sheria ya zamani ya Iceland ilikuwa na maneno matatu ya kumwita mwanaume kuwa ameingiliwa, na aliyeitwa hivyo aliruhusiwa kumuua aliyemwita. Huko si kukubaliwa. Ninachoona ni kwamba watu walikataza na miungu yao ikafanya, na watu walewale wakakaa usiku wa baridi kuwasimulia watoto jinsi ilivyofanya, wakacheka mpaka basi. Hilo kwangu linatosha, silipaki rangi.

Kuna moja litakufaa wewe mtu wa hospitali. Mwaka 1968 Finland, mahali paitwapo Suontaka, lilifukuliwa kaburi la miaka 900 au karibu na hapo. Aliyezikwa alikuwa na nguo na vishikizo vya kike, na pembeni ana upanga. Miaka yote wakabishana: mwanamke askari, au wawili kaburi moja? Mwaka 2021 wakatoa majibu ya vipimo vya vinasaba: mtu mmoja, na kwa uwezekano mkubwa ana kromosomu XXY, si XX ya kawaida ya mwanamke wala XY ya mwanaume. Alizikwa kwa heshima, kalazwa kwenye manyoya. Kwa maisha yake siapi, lakini waliomzika walijua wanamzika nani.

Lakini kilichonikamata kuliko vyote ni habari ya sheria nyingine. Kwenye mwaka 1000 Iceland ilikaribia kupigana, nusu Wakristo, nusu wa dini ya zamani. Wakamwachia msema sheria wao aamue, naye mwenyewe alikuwa wa dini ya zamani. Akajilaza chini ya joho mchana kutwa na usiku kucha. Alipotoka akasema: wote tubatizwe, sheria iwe moja, na anayetaka kutambika kwa siri atambike, ila wakipatikana mashahidi ataadhibiwa. Nilicheka peke yangu nikiwa nimeshika sindano. Miaka 1,000 na zaidi, na huo ndio utaratibu wa mtaa wetu. Fanya, ila asikuone mtu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu unakijua, kile cha kuingiliana kinyume cha maumbile, miaka 30 hadi maisha. Tumekirithi kwa Waingereza, ukali tumeongeza wenyewe. Kama kinanihusu au hakinihusu mimi mwanamke, sitamani mahakama inieleze.

Basi umeshaelewa.

Na kabla hujauliza: hapana, hukuwa wewe. Ulikuwa unakoroma. Yupo mtu, simtaji hata humu ndani ya mchele.

Kule kwenye kikundi kila mtu yuko wazi. Picha, jina, bendera ya upinde wa mvua, huyu mume wangu, huyu mke wangu. Chama chao cha Iceland kilianzishwa 1972, serikali ikakitambua 1973, na kinafungisha ndoa za watu wa jinsia moja, mambo ya kawaida kabisa. Mwaka 2015 walipata barua za matusi kwa ajili hiyo, na zilitoka nje, kwa watu wa nchi nyingine wanaodai kufuata miungu ileile. Maana wapo wa aina hiyo pia. Marekani kuna chama mwaka 2016 kilitangaza kuwa dini hii ni ya wazungu, wanaume wawe wanaume na wanawake wawe wanawake. Vyama vingine vingi vikajibu kwa tamko walilolipa namba 127, kutokana na ubeti wa shairi lao la kale unaosema ukiona uovu utaje kuwa ni uovu.

Unaona nilipoketi. Kwa wale wa damu nakataliwa mara mbili, na rangi ndiyo inatangulia, hayo mengine hawafiki kuyauliza. Mmoja wao alipenya kwenye kikundi chetu akaniuliza kwani kwenu hakuna miungu. Nikamwambia ipo. Lubaga, chini ya Rungwe, kuna msitu wa matambiko wa Lwembe, na bibi yangu akipita njia ile alikuwa anashusha sauti. Wamisionari wamefika kwetu 1891, ni jana tu. Tofauti ni kwamba hadithi zenu mtu alikaa akaziandika kwenye ngozi, za bibi yangu nimebaki na kule kushusha sauti. Akatoka bila kuaga. Ila nikuambie kweli, swali lake lilinikaa. Linanikaa mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi kilitoka kwa mtu wetu. Kijana mmoja, shoga wa wazi, mwema tu, alitaka nitume picha nikiwa nimeshika pembe ya kunywea, ionekane kikundi kina watu wa kila rangi. Nikakataa. Mle mimi sina sura, nina picha ya sweta, na jina nililojipa. Akasema mbele ya wote kwamba kujificha ni kukubali kushindwa. Nikanyamaza. Ningemwelezaje habari za balozi wa nyumba kumi? Yule mama wa kondoo ndiye aliyemjibu. Akamkumbusha kwamba Odin anatembea amevaa kofia pana ya kuficha jicho na ana majina zaidi ya mia, hafiki kwa mtu akatoa la kweli. Akamwuliza: na yeye tumwambie ameshindwa? Kijana akaomba radhi. Kila nikilikumbuka natabasamu, japo najua Odin hana mama anayelala chumba cha pili.

Ndipo tulipofikia.

Tarehe 21 walikuwa na sumbeli, ndiyo ibada yao ya kunywa kwa zamu. Kikombe kinazunguka mara tatu: mara ya kwanza unataja mungu, ya pili unawataja waliokutangulia, ya tatu unasema lako, kujisifu au kuapa, na likishasemwa juu ya kikombe limesemwa. Kwao ilikuwa saa tatu usiku, jua la Iceland bado liko dirishani kwa yule mama kama alasiri. Kwangu saa sita. Umeme ulikatika tangu saa mbili, nimejifunika blanketi na simu ina asilimia kumi na nne. Wenzangu wana pombe ya asali. Mimi nilitia asali kwenye maji ya moto, kikombe cha bati kile chenye pengo, unakikumbuka, tulinywea ulanzi mtogwa siku ile Iringa matroni akatukosakosa.

Mzunguko wa pili nilimtaja bibi. Wa tatu ulipofika kwangu nilikuwa nimeandaa sentensi kwa Kiingereza. Haikutoka. Ikatoka kwa Kiswahili: "Mimi ni mwanamke, nampenda mwanamke, na sioni aibu." Hakuna hata mmoja mle anayejua Kiswahili. Wakangoja, kisha wakainua vikombe hivyohivyo. Kiingereza nilikiongeza baadaye, lakini kilikuwa tafsiri tu. Miaka yangu yote nilikuwa sijawahi kuisikia hiyo sentensi kwa lugha ninayoombea.

Na nyumba yetu haina dari.

Mama akakohoa. Si kikohozi cha baridi, hicho nakijua. Mara moja tu, kisha kitanda kikalia akageukia upande mwingine. Nilikaa na kile kikombe mpaka maji yakapoa.

Asubuhi akanipa chai na viazi vitamu kama kawaida. Akaniuliza, "Usiku ulikuwa unaongea na nani?" Nikasema wateja wa masweta wa ng'ambo. Akamenya kiazi. "Wanalipa?" Nikasema wanalipa. "Haya." Tangu siku hiyo hajaligusa, ila jana kanihamishia lile blanketi lake zito bila kuniambia, nimelikuta kitandani. Sijui nilisomeje. Ni blanketi, na ni Juni.

Agosti anakuja kwako kumwona mtoto. Ameshanunua kitenge. Atakaa siku tano, na unamjua, siku mbili za kwanza atakusifia nyumba, ya tatu atakaa nawe jikoni aulize anachotaka kuuliza. Nisingependa akukute hujui. Sikuombi udanganye, na sikuombi unisemee. Nimewaambia watu ambao hawajui hata nina urefu gani kabla sijakuambia wewe uliyenifulia nilipougua tumbo, na hilo ndilo limenikosesha usingizi kuliko kile kikohozi.

Usinijibu kwa simu. Sweta likimbana mabegani niambie kwa simu, hilo halina shida, nitafuma jingine. Ndoo naomba uirudishe kwa basi hilohilo, konda anajua kibanda changu. Unajua kwetu chombo hakirudi kitupu. Kikirudi kitupu nitaelewa.

Wako,
wa kitanda cha juu