Paa hutengenezwa wakati wa kaskazi

Mhariri,

Nakuandikia mwisho wa Januari. Kaskazi inavuma, jua la saa nane linachoma hadi kuku wamejificha chini ya mikokoteni, na simu yangu haijalia wiki nzima. Mimi ni fundi wa mapaa. Nimeezeka na kuezua nyumba za mji huu tangu 1989, kuanzia Likoni hadi ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Najua simu hii itaamka lini: usiku wa mvua kubwa ya kwanza. Ikifika Mei haitalala tena. Kila anayepiga atasema, "Fundi, njoo sasa hivi," nami nitamjibu kama ninavyomjibu kila mtu, kwamba bati lililolowa halipandwi, na hata nikipanda siwezi kuziba tundu linalopita maji.

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie wenye nyumba: kazi ya paa ni ya miezi hii, Januari na Februari, wakati mbao ni kavu na fundi ana nafasi ya kutazama.

Hapa kwetu hakuna theluji. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ni cha kujifunika shuka tu, basi watu hudhani paa la pwani lina kazi nyepesi. Wakae juu yake siku moja. Mchana jua hulitanua bati, usiku linanywea, na mvua ya ghafla ikiliangukia likiwa bado la moto utalisikia likilia ndani ya chumba. Kila likijivuta, msumari unalegea unywele mmoja. Kile kipira cheusi chini ya kofia ya msumari nacho hukauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino. Kaskazi yote hutaona kitu. Masika yakiingia, maji yanakuta njia imeshatayarishwa.

Mwaka jana mwezi wa Mei niliitwa nyumba ya kupanga huko Mishomoroni. Nilifika asubuhi, mvua imepumzika. Mama mwenye chumba, binti wa kunizalia wajukuu, alinipokea na ndoo mkononi. "Shikamoo mzee. Tumelala watatu kwenye kona moja." Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi mlangoni, godoro limesimamishwa ukutani, na madaftari ya mtoto wa darasa la nne yameanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, wino umetiririka. Mwenye nyumba alikuwa ameshatuma mtu mara tatu kupaka lami, na mara zote tatu alipaka pale pale, juu ya kitanda. Nilipanda bati lilipokauka. Pale juu ya kitanda hapakuwa na tundu lolote. Tundu lilikuwa karibu na kilele, zaidi ya mita mbili kutoka pale, msumari mmoja umeng'oka chini ya kofia ya paa. Maji yaliingia huko, yakafuata ubao wa kupigilia bati, yakateremka na kombamoyo, ule mti wa paa unaoshuka toka kileleni hadi ukutani, yakadondoka yalipochoka. Skrubu moja yenye kipira kizima ilimaliza shida ya miezi miwili.

Wapangaji, nawaomba mlishike hili: maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Mvua ikinyesha chukueni tochi, tazameni juu, fuateni unyevu unapotoka, mtie alama ya chaki. Alama hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo ya saa nzima.

Kuhusu lami yenyewe, sipingi kuwapo kwake, ila si dawa ya kutu. Ikipakwa juu ya kutu, jua la Desemba huipasua, na chini yake kutu inaendelea kula kwa siri, tena vizuri zaidi kwa sababu unyevu umefungiwa ndani. Kwangua kwanza hadi bati safi. Likitoboka ukilikwangua, limekwisha, badilisha.

Sasa niseme jambo linaloniuma, kwa sababu ni la mafundi wenzangu. Bati lina mgongo na lina bonde. Maji hupita bondeni. Msumari unapigwa mgongoni. Hata leo nakuta nyumba mpya, rangi haijakauka, misumari imepigwa bondeni kwa sababu ni rahisi, nyundo haitelezi. Mimi pia nilifanya hivyo nikiwa kijana, nyumba moja ya Majengo, na mzee aliyenifundisha kazi akanipandisha tena kung'oa misumari yote kwa mkono. Nilikasirika siku ile. Leo namwombea dua.

Na la pili, upepo. Kusi, inayovuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, hutoka kusini mashariki, na ndiyo inayobeba mvua za masika. Fundi anayejua kusi huanza kuezeka kutokea upande ule mwingine wa nyumba, akija kuikabili, ili kila bati linalofuata lilalie lililotangulia na mdomo wa maungio uipe kusi mgongo. Akianza kinyume, mdomo unaiangalia kusi, na mvua inasukumwa ndani kama barua chini ya mlango. Kosa hilo halizibwi kwa lami. Mwenye nyumba, kabla fundi hajapiga msumari wa kwanza, muulize ataanzia wapi na kwa nini. Akibabaika, tafuta mwingine.

Chumvi nayo. Bati la Nyali au Bamburi, karibu na bahari, haliishi umri wa bati la Voi. Wengi hununua geji 32 kwa sababu ni ya bei nafuu, wakidhani namba kubwa ni bati nene. Ni kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Halafu watazame chini ya ukingo wa paa, si juu tu. Juu, mvua husuuza ile chumvi. Chini ya ukingo mvua haifiki, chumvi inakaa mwaka mzima ikila taratibu, na ndiyo maana kutu mara nyingi huanzia huko. Maji baridi kidogo na kitambaa, mara mbili tatu kwa mwaka, yanaongeza umri wa bati. Na yale mawe na matairi yanayowekwa juu kuzuia upepo yaondolewe. Yanashika unyevu na kuozesha bati. Upepo huzuiwa kwa kufunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, na ukuta kwa ukanda wa chuma.

Mji wa Kale sina ujuzi wa kutosha kuwafundisha wenyewe. Nitasema tu nilichokiona: dari za mawe na chokaa zilizopakwa saruji juu. Saruji ni ngumu, chokaa ni laini. Saruji inapasuka, maji yanaingia na hayatoki, na boriti zinaoza ndani kabla mtu hajajua. Wenye nyumba hizo wawatafute mafundi wa chokaa wakati bado wapo.

Michirizi ya kukusanyia maji isafishwe sasa. Majani ya mwarobaini na mwembe yamejaa humo, na kunguru wetu wameongeza vijiti, mifupa na vipande vya waya. Mji huu tunanunua maji kwa mitungi ya mkokoteni huku mvua ikimwagika ukutani. Paa la mita 10 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 50, linapokea lita 4,000. Hiyo ni mitungi 200 ya lita 20. Hata ukipoteza robo yake njiani, ni maji ya kufulia ya wiki nyingi. Ya mwanzo yaachwe yapite, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Nilikuwa juu ya mapaa wakati wa El Nino ya 1997, na tena baada ya mvua za Novemba 2023. Mara zote mbili nilikuta nyumba ambazo zingesalimika kwa misumari michache isiyojaza hata kofia ya kuvaa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mwaka Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za Machi hadi Mei, nanyi huuchapisha. Chapisheni kando yake, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye nyumba apandishe fundi wiki hiyo hiyo. Mimi wiki hii niko Kisauni, nabadilisha misumari ya nyumba ya mjane mmoja aliyeniita bila kungoja tone la kwanza. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, walioniita Januari nawahesabu kwa vidole.

Fundi wa mapaa,
Kongowea, Mombasa