Mchanga wa Msimbazi, kifusi cha Kigogo

Tabata, Dar es Salaam

Kwako swahiba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Makambako, wewe na shemeji na wajukuu wote. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mgongo unanisumbua wakati wa mvua, lakini natembea na kazi ndogondogo nafanya.

Ama baada ya salamu, uliniuliza kwenye simu kama lile ghala la mabati la Vingunguti bado lipo, lile tulilokuwa tukilala nje yake, chini ya lori, tukingoja zamu ya kupakia. Nikakujibu halipo, salio likakata. Tangu siku hiyo naona jibu lile lilikuwa fupi mno kwa sehemu iliyotulea, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Walianza na bati, wakaziuza. Kisha wakaja vijana na mitungi ya gesi, wakakata kenchi za chuma, zikapakiwa kwenda kuuzwa kama chuma chakavu. Kuta ziliangushwa mwisho. Sasa ni yadi ya makontena, uzio mrefu na mlinzi getini. Nilimwambia mlinzi kwamba nilikuwa nikipakia hapo kabla yeye hajazaliwa, akanipisha. Kilichobaki ni kipande cha ile sakafu iliyoinuliwa, tuliyokuwa tukirudi nyuma taratibu mpaka bodi liiguse. Unakumbuka ulivyokuwa ukisimama pembeni ukipiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, kata kulia, njoo, hapohapo! Ukingo wake umelika mahali pawili, kila mahali upana wa kiganja, pale pembe za bodi zilipokuwa zikigonga. Nilipitisha mkono. Saruji imelainika kabisa, na kokoto zake zinaonekana zimesagika zikawa sawa na ukingo. Malori mangapi yamegonga pale hakuna anayejua, ila baadhi ya hayo tulikuwa ndani yake.

Ukija Dar sasa hutashuka Ubungo. Stendi ilihamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, na pale ilipokuwa yamesimama majengo makubwa ya biashara. Kwenye makutano yenyewe kuna barabara za ngazi tatu, wanaita Daraja la Kijazi, lilizinduliwa mwaka huohuo. Ili njia ipatikane, mwishoni mwa 2017 hata majengo ya serikali yaliwekewa X nyekundu ya kubomolewa, la TANESCO na la Wizara ya Maji. Kuanzia Kimara kuelekea Kibaha nyumba na maduka ya kando ya barabara yalikwenda kwa wingi. Vile vibanda tulivyokuwa tukinywa chai kabla ya kuanza safari havina hata msingi. TAZARA nako magari yanapita juu tangu 2018. Silaumu. Mtu aliyewahi kukaa Ubungo na semi iliyojaa, akiangalia geji ya joto ikipanda, hawezi kulichukia daraja.

Majengo ya kiwanda cha nguo cha Urafiki bado unayaona ukiwa Barabara ya Morogoro, ila ule mngurumo wa mitambo ya kufumia hausikiki tena kama zamani. Kiwanda kile kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Sisi tulikikuta kina jina tayari. Nakumbuka zaidi marobota ya khanga za siku za uhaba, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Robota limebanwa kwa mikanda ya chuma, nje limevishwa gunia, ukiliegemea unapata harufu ya rangi mbichi. Tajiri alitaka maturubai mawili, la pili lifunike la kwanza, na kamba zipite msalaba bodi zima. Fundo la mwisho ulifunga wewe, kwa sababu fundo lako halikulegea mpaka Mbeya. Tukisimama vijijini watu hawakuuliza tumebeba nini, walijua kwa harufu. Kina mama walikuja na fedha mkononi kabisa, nasi hatukuwa na ruhusa ya kulegeza hata kamba moja. Mzigo ulikuwa wa kampuni ya biashara ya mkoa, na baada ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983 hakuna dereva aliyetaka kukutwa na robota lililopungua. Yule mama wa pale karibu na Igawa, aliyetuomba khanga ya kumzikia mama yake, sijamsahau. Najua nawe hujamsahau.

Wazee waliotufundisha usukani walikuwa na ya kwao ya zamani zaidi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupita huku kwa malori, mapipa juu ya mapipa, vumbi kiangazi na tope masika mpaka Tunduma, kabla ya bomba la TAZAMA la 1968 na kabla ya reli ya TAZARA kukabidhiwa 1976. Wazee wale walipanga vyumba Keko, Vingunguti na Kigogo, maana kodi ilikuwa nafuu na mtu akitoka yadi anafika kwake kwa miguu. Bonde la Msimbazi lilijaa watu wa kazi kwa njia hiyo. Watu wanaosema leo kwamba bondeni walikaa wavamizi tu hawakuwahi kukaribishwa ugali na dereva wa Zambia aliyerudi salama.

Sasa nije kwenye mto, maana ndiko moyo wangu uliko. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Vijana wanaujua kama maji machafu yanayofunga barabara ya Jangwani mvua ikizidi. Sisi tulikwenda kupakia humo. Safari za mikoani zikikatika, tajiri alituhamishia kwenye tani saba ya mchanga. Unashuka ukingoni kwa gia ya kwanza, vijana wako majini mpaka magotini na makoleo yao. Mchanga mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana. Springi zinalala kabla bodi halijajaa, na ukipanda ukingo maji yanachuruzika nyuma yakichora mstari mpaka barabarani. Ikinyesha mvua moja kubwa Pugu, shimo la jana limejaa tena, nasi tunarudi. Maji yenyewe yalikuja na rangi tofauti kila siku, kutegemea kiwanda fulani huko juu kilikuwa kinatia kitambaa rangi gani. Siku ya bluu vijana walitoka na miguu ya bluu.

Mchanga ule haukwenda mbali. Ulishushwa kwa wafyatua matofali wa kando ya barabara, tofali likakauka, likanunuliwa na mtu wa Kigogo au Magomeni aliyekuwa akijenga chumba kimoja kimoja, mshahara ukitoka. Nyumba za bondeni zilijengwa kwa mchanga wa bondeni. Sijaliona hili limeandikwa popote, lakini wewe unalijua vizuri kwa sababu koleo lilikuwa mkononi mwako pia.

Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mto ulifurika, ukachukua nafasi yake. Watu zaidi ya 40 walifariki jijini, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji. Wengine walirudi baadaye, na usiwaone wajinga: mtu anayesukuma mkokoteni Kariakoo ataishije Mabwepande? Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza, karakana yao ikawekwa palepale Jangwani, na mafuriko yakaifuata humohumo.

Safari hii jambo ni kubwa zaidi. Kuna mradi wa bonde la Msimbazi, fedha za Benki ya Dunia dola milioni 200 zilizoidhinishwa 2022, wa kupanua na kuchimba mto, kuinua daraja la Jangwani na kuacha sehemu kubwa ya chini iwe bustani ya jiji. Nyumba zimethaminiwa, watu wamelipwa, zimebomolewa. Kuna wanaolalamika kwamba malipo hayafanani na kiwanja watakachopata mjini, na mimi nawaamini. Hata hivyo mto lazima upewe njia. Nimeona maiti za mafuriko, sitaki kuziona tena.

Kijana wangu wa pili ana Fuso ya tipa, akapata kazi ya kuzoa kifusi Kigogo. Nikapanda naye siku moja. Nyumba ilikuwa ya mama mtu mzima, mjane. Bati zilikwishashuka, milango na madirisha yamepangwa barabarani, vijana wanaponda lenta kutoa nondo wakauze. Yeye amesimama mlangoni, au pale mlango ulipokuwa, anatazama chini. Kwenye saruji ya kizingiti marehemu mumewe aliandika kwa kijiti ilipokuwa bado mbichi: 1987. Marehemu alikuwa utingo. Wa magari ya mafuta, alisema, si mtu tuliyemjua. Akaniuliza kama kipande kile kinaweza kutoka kizima. Kijana wangu alichukua tindo akakizunguka polepole, wenzake wakimhimiza kwamba muda unakwenda, kikatoka na ufa mmoja tu. Tulikibeba mbele, miguuni kwangu, mpaka kwa binti yake Chanika.

Kifusi kilichobaki, nikauliza kinakwenda wapi. Dalali akasema ana mteja mwenye kiwanja chenye maji kwenye bonde jingine, anataka kukiinua ajenge. Nilibaki kimya njia nzima. Mchanga uliotoka mtoni ukawa tofali, tofali likawa chumba cha utingo, na chumba kimepondwa ili kwenda kufukia maji mahali pengine, ambako mtu mwingine atajenga na kungoja mafuriko yake. Nimemwambia kijana asishushe kifusi bondeni hata tripu ikilipwa mara mbili. Amenisikia, na kazi mbili zimempita kwa ajili hiyo. Nampongeza kila siku.

Kitu kinachoniuma, swahiba, ni kwamba haya yote yanaondoka na hakuna aliyekuja kutuuliza. Boma la Kale la 1867 kule karibu na bandari limekarabatiwa vizuri, wageni wanaingia na kupiga picha, na ni haki yake. Lakini ghala la mabati, yadi, mzani, mwembe wa mama ntilie, njia ya kushukia mtoni, hivyo hakuna aliyevipigia hata picha moja, na ndivyo vilivyolisha mji. Nasi tulioviona kwa upande wa nyuma, upande wa kupakilia, tunapungua. Mwaka huu tumezika wawili wa kijiwe chetu. Kazi yenyewe inahama: treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, bandari kavu ya Kwala imefunguliwa 2025, na makontena yataendelea kupanda reli. Barabara zitapumua. Vijana wa tripu fupi za bandarini sijui watashika nini.

Kwa hiyo hapa kijiweni Tabata tumeanza kuandika wenyewe. Binti wa mmoja wetu yuko chuo, anaturekodi kwa simu kisha ananakili kwenye daftari: ghala lilikuwa wapi, geti lilitazama wapi, lilitoa mzigo gani, liliondoka lini. Ramani tunachora nyuma ya karatasi za kalenda zilizounganishwa kwa gundi, kuanzia machinjio ya zamani ya Vingunguti, kabla hayajajengwa ya kisasa, kushuka mpaka Jangwani. Tunabishana sana. Jumamosi iliyopita karibu watu wagombane kwa sababu ya mzani mmoja, kama ulikuwa kulia au kushoto ukitokea reli, na hakuna aliyekubali kushindwa. Kila mtu anasema neno hilohilo: muulizeni yule wa Makambako, ndiye aliyeshika daftari la mizigo.

Hayo basi ndiyo ninayokuomba. Jumapili hii baada ya swala ya alasiri tutakupigia tukiwa wote kijiweni. Weka simu chaji, kaa pale juu penye mtandao mzuri, na kama yale madaftari ya mizigo bado yako kwenye sanduku la bati, yatoe mapema uyapanguse. Tutaanza na mzani, halafu geti la pili la Urafiki, halafu majina ya makarani. Na ukiona inafaa, mwite mjukuu akae karibu, asikie, na akusaidie kusoma yale maandishi yako ya penseli.

Msalimie sana shemeji. Mwambie mchele wake ulifika salama.

Ni mimi swahiba wako,
Tabata