Kamera ndogo yenye zumu ndefu au kubwa isiyo na kioo? Kwanza tuambie unapiga saa ngapi

Mteja mmoja alisimama mbele ya meza yetu akiwa ameshika kamera mbili. Kulia, kidude cha kutia mfukoni kilichoandikwa 30x ubavuni. Kushoto, kamera ya kitaalamu isiyo na kioo, imefungwa lenzi ya milimita 24 hadi 70, zigo ambalo tayari lilikuwa limemshusha bega. Akauliza, "Hii ndogo inavuta mara 30. Hii kubwa inavuta mara ngapi?" Tukamjibu ukweli: mara tatu, tena hazitimii. Akazitazama zote mbili, kisha akatutazama sisi kwa jicho la mtu anayehisi anapigwa changa la macho.

Hatumlaumu. Ile namba ya ubavuni ndiyo inayouza kamera ndogo, na ni nadra mnunuzi kuelezwa imetoka wapi. Ni hesabu ya kugawanya tu: urefu mkubwa wa lenzi kwa urefu wake mdogo, yaani zile milimita zinazoandikwa juu yake, ambazo zikiwa nyingi inavuta kutoka mbali zaidi. Lenzi inayoanzia 24 na kuishia 720 ni 30x. Lenzi ya 200 hadi 600, ile ndefu ambayo wapiga picha wa ndege huiegemeza kwenye stendi, ni 3x. Lenzi ya 600 isiyovuta kabisa ni 1x, na mpiga picha wa michezo aliyenayo hawezi kukubali kubadilishana na kile kidude hata umwongezee na begi lake. Namba hiyo inakuonyesha lenzi ina mwendo kiasi gani kati ya mwanzo na mwisho wake. Inaanzia wapi, na picha itatokaje, ni habari nyingine.

Ndiyo maana sisi, kabla ya kuzungumzia zumu, huuliza swali linalowashangaza wengi: unapiga saa ngapi?

Tusafishe jina kwanza, maana nalo linachanganya. "Isiyo na kioo" ni jina lililobaki kutoka zama za kamera zilizokuwa na kioo ndani, kile kilichokuwa kikiruka juu na kutoa mlio kila ulipobonyeza. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi iliyoacha kioo hicho, na wengine wakafuata. Kamera ndogo pia haina kioo, haijawahi kuwa nacho, lakini hakuna anayeiita hivyo. Kwa hiyo tukisema isiyo na kioo tunamaanisha ile ambayo lenzi yake inafunguka na kubadilishwa.

Tofauti yenyewe iko nyuma ya lenzi, kwenye kihisi, kile kibati kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za kitaalamu zina kihisi cha milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi ndogo zenye zumu ndefu zina cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6, eneo dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Piga hesabu ya eneo utapata kikubwa kinakizidi kidogo karibu mara 30. Imesadifu tu kufanana na ile 30x, lakini sisi tunapenda kuwaambia wateja kwamba hapo ndipo zumu yao ilipolipiwa. Lenzi ya kamera ndogo iliyoandikwa 720 si milimita 720 kweli. Ni fupi sana, ila kihisi kinachukua kipande kidogo tu cha picha inayoingia, na kipande hicho kinaonekana kama kimevutwa kutoka mbali. Nikon P1000 ya mwaka 2018, iliyoandikwa 24 hadi 3000, kiuhalisia ina lenzi ya milimita 4.3 hadi 539. Bila ujanja huo lenzi isingeingia mfukoni, isingeingia hata kwenye begi.

Sasa turudi kwenye saa. Ukipiga saa sita mchana nje, jua limewaka, mwanga ni wa kumwaga. Kihisi kidogo kinashiba. Tumewahi kuweka picha mbili za namna hiyo kando kwa kando kwenye kioo cha simu, moja ya kamera ndogo na moja ya kubwa, na watu wengi walibahatisha tu ipi ni ipi. Kwa mtu wa safari za mchana anayeweka picha kwenye simu na kuchapisha chache za kutundika ukutani, kumwongezea kilo mbili begani ni kumwonea.

Hali inabadilika ukiingia ndani au jua likizama. Mama mmoja alituletea kamera yake ndogo akiwa na hakika imeharibika. Picha za mahafali ya binti yake zilizopigwa nje zilikuwa safi. Za ndani ya ukumbi, binti akipokea cheti jukwaani, zilikuwa chenga tupu, na sura za watu zilikuwa laini kupita kiasi, kama zimepakwa nta. Tuliipima kamera, haikuwa na ugonjwa wowote. Tukamfungulia maelezo yaliyomo ndani ya kila picha: nje kamera ilikuwa imetumia ISO 80, ndani imepanda hadi 3200. ISO ni kipimo cha nguvu ambayo kamera huongeza mwanga ukipungua. Alikuwa amekaa viti vya nyuma na kuvuta zumu hadi mwisho, na mwisho wa zumu lenzi ile hubana tundu lake hadi f/6.4 (namba ya f ikikua, tundu linapungua). Mwanga haukutosha, kamera ikaongeza nguvu, nguvu ikaleta chenga, kisha kamera ikajitahidi kuzifuta chenga na kufuta ngozi ya mtoto pamoja nazo.

Kamera kubwa yenye lenzi ya 70 hadi 200 inayobaki f/2.8 mwendo wote ingeingiza mwanga mara tano zaidi kwenye kila milimita ya mraba ya kihisi, na milimita zenyewe ni mara 30. Hapo hakuna mashindano. Lakini yule mama hakuhitaji kununua kitu siku ile. Tulimwambia kwamba lenzi yake, isipovutwa kabisa, hufunguka hadi f/3.5 na kupokea mwanga zaidi ya mara tatu ya ule wa mwisho wa zumu. Mahafali yajayo awahi kiti cha mbele, asivute. Miguu nayo ni zumu, na hii haina chenga.

Kuna jambo moja la usiku ambapo kamera ndogo humshangaza mwenye kubwa: mwezi. Unapigwa usiku, lakini wenyewe ni jiwe kavu linalopigwa na jua, kwake ni mchana. Mwanga si tatizo, tatizo ni umbali, na hapo kamera kama P1000 inaujaza mwezi kwenye fremu kutoka juu hadi chini. Kwa kamera kubwa, urefu wa 3000 ungekupeleka kwenye darubini za wanajimu. Usitegemee tu kwamba kila unachokivuta hivyo kitakuwa na makali. Mwisho wa zumu kamera hiyo inabana hadi f/8, na mwanga unaopita kwenye tundu lililobanwa hutawanyika: nukta moja ya mwanga inatua kwenye kihisi ikiwa duara la takriban milimita 0.011, wakati kijicho kimoja cha kihisi, yaani pikseli, ni milimita 0.0013. Nukta moja inafunika vijicho vinane kwa upana. Kamera itakuandikia megapikseli 16, lakini undani wa kiasi hicho haumo. Ongeza mazigazi, ile hewa ya moto inayochezacheza juu ya ardhi mchana, na kitu kilicho mbali kitayumba kwenye picha kama kiko chini ya maji. Hilo la mwisho halina tiba hata kwa lenzi ya bei ya nyumba. Tiba yake ni kuamka mapema.

Wanaopiga vitu vinavyokimbia, watoto, mpira, ndege wakiruka, nao wana hadithi yao. Kamera nyingi ndogo hutafuta fokasi kwa kupapasa: lenzi inakwenda mbele, inapitiliza, inarudi, hadi picha ikaze. Kitu kikiwa kimetulia hutaona shida. Ndege akiruka, ameshapotea kabla lenzi haijarudi. Kamera za kitaalamu zina vitambuzi ndani ya kihisi chenyewe vinavyojua mara moja lenzi ielekee upande gani na kwa kiasi gani, na programu zake hulishika jicho la mtu au mnyama na kulifuata fremu nzima. Nikon Z9 ya mwaka 2021 imeondoa hata shata ya kimakanika, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi. Inapiga picha ghafi, zile ambazo kamera haijazichakata, 20 kwa sekunde bila kipande cha chuma kupita mbele ya kihisi. Ukishazoea chombo cha namna hiyo uwanjani, kurudi nyuma ni kama kuvua viatu ukimbie kwenye kokoto.

Wako wa katikati pia, na tunawapenda. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 ina zumu ya 24 hadi 600, kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho ni mara nne ya vile vidogo, lenzi haibani zaidi ya f/4, na fokasi yake haipapasi. Tatizo lake ni kwamba si ndogo: inapita kilo moja. Kwenye mizani yetu tumeona vituko. P1000, ambayo kwenye orodha iko kundi la kamera ndogo, ina takriban gramu 1,415, nzito kuliko mwili wa Z9 usio na lenzi, wenye gramu 1,340 pamoja na betri na kadi. Bila shaka Z9 bila lenzi ni tofali. Ukiifunga lenzi ya 180 hadi 600, ongeza takriban kilo mbili, na sasa una kitu kinachotaka mkanda mzuri na mgongo mzima.

Jambo jingine ambalo mnunuzi huligundua amechelewa ni vumbi, na hili tunaliona kila wiki tukiwa na bisibisi mkononi. Lenzi ya kamera ndogo inayotoka na kuingia hufanya kazi kama pampu. Kila ikichomoza inavuta hewa, na hewa ina vumbi. Siku moja unapiga anga, unaona madoa mawili ya kijivu, yakizidi kuonekana kadiri unavyovuta. Kihisi kiko ndani ambako huwezi kukifikia. Lazima kamera ifunguliwe skurubu kwa skurubu. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye meno ya zile gia za plastiki, lenzi inakwama nusu njiani. Tukiletewa mapema hutoka salama. Tukiletewa baada ya mwenyewe kujaribu kuisukuma kwa kidole, mara nyingi meno yameshakatika.

Kamera ya kubadilisha lenzi nayo hula vumbi, tena zaidi, kila inapofunguliwa mdomo. Tofauti ni kwamba kihisi kiko wazi mbele yako na kinasafishika. Zima kamera, elekeza mdomo wake chini, puliza kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa kinywa, utakirushia mate, na mate yakikauka pale hayatoki kwa kupuliza tena. Makopo ya hewa ya kupulizia kompyuta usiyaguse kabisa, yanaweza kumwaga kemikali. Doa likikataa, lete, tunalisafisha kwa kifuta cha maji ukisubiri.

Kwa anayesita kati ya kamera hizi mbili tuna huduma ambayo haichukui nusu saa. Njoo na kadi yenye picha zako za mwaka uliopita, hata ziwe za kamera ya kuazima. Kila picha imebeba ndani yake urefu wa lenzi, ISO, kasi ya shata na saa iliyopigwa. Tunazipanga zote kwa urefu wa lenzi, kisha kwa saa, na unaona mwenyewe mazoea yako.

Kijana mmoja alikuja akiitaka kamera kubwa na lenzi ya 200 hadi 600, ameshaamua. Kadi yake ikaonyesha picha nyingi mno za urefu wa chini ya 100, na rundo moja la mwisho wa zumu: mwewe yuleyule juu ya mlingoti, siku tofauti. Tulimshauri akodi kwanza lenzi anayoitaka kwa siku mbili, akampige huyo mwewe wake. Alirudi siku ya tatu akisugua bega. Picha zilikuwa nzuri sana, manyoya yanahesabika. Akaiweka lenzi mezani taratibu, akaomba aonyeshwe tena ile ndogo.

"Saa nne asubuhi," alisema kabla hatujauliza.