Waulizeni wasanii kuhusu kazi yao

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngarenaro, na mchana kutwa simu iko mezani inanisomea podikasti. Napenda sana wasanii wakihojiwa. Kinachoniuma ni maswali: una mpenzi nani, gari umenunua lini, bifu na fulani limeishia wapi. Dakika 40 zinakwisha, wimbo wenyewe haujaguswa!

Juzi nilimsikia mchoraji akieleza anavyosubiri rangi ya mafuta ikauke kabla ya kupaka nyingine, la sivyo nyeusi inaila nyeupe. Niliacha kukanyaga cherehani.

Arusha hii ndiyo iliyowatoa X Plastaz, waliochanganya rap ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai. Faza Nelly wa kundi hilo alifariki mwaka 2006. Laiti angeulizwa kwa saa nzima jinsi sauti zile mbili zilivyokubaliana, nasi tukabaki na kumbukumbu hiyo!

Vijana wenye maikrofoni, wakongwe wengine bado tunao. Wafuateni mtaani Kijenge, wafuateni mtaani Unga Limited. Waulizeni waliandikaje, walirekodi wapi, nani aliwashika mkono. Na msanii akinyamaza kidogo kutafuta neno, tafadhali msimkatize.

Fundi cherehani,
Ngarenaro, Arusha